Lazarus Aomba Tarehe Nyingine

Watu wote waliofika dirishani kwa karani wa korti, Ishaq, walianza na swali moja: kesi ni pesa ngapi? Lazarus wa Shinyalu alianza na lake.

"Karani, mtu akishtakiwa, ni lazima akuje?"

Ishaq alikuwa mtu wa Mumias, mpole, mwenye kofia nyeupe na kalamu mbili mfukoni. "Lazima, ndugu yangu. Asipokuja, hakimu ataamua bila yeye."

"Na binti yake?"

"Binti yake anahusikaje na ng'ombe unaowadai?"

"Ni yeye nilimtolea hao ng'ombe."

"Basi muite awe shahidi. Ila samansi ya kumwita shahidi inalipiwa kando."

Lazarus akalipa kando. Akalipa ada ya kufungua kesi, akamlipa na tarishi wa kupeleka karatasi hadi Malinya kwa baba mkwe wake, mzee Phineas. Pesa za mahindi ya msimu mzima ziliingia kwenye dirisha lile, naye hata hakukunja uso. Ishaq akamhesabia muda: wiki mbili za mdaiwa kujibu, mwezi wa kesi kutajwa, halafu kusikizwa, halafu hukumu. Miezi minne, inshallah. Hakimu akishikwa na malaria, sita.

"Hakuna shida," alisema Lazarus, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeahidiwa sikukuu.

Sasa, msimcheke mapema. Kule kwao kila mtoto anajua kwamba ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekwisha, na Lazarus alilijua hilo vizuri. Hakutaka ng'ombe. Alimtaka Beldina, mkewe. Alikuwa amekwisha kumfuata Malinya mara tatu, mara mbili akiwa na wazee wa ukoo, na mara zote mashemeji zake walimsimamisha langoni wakamwambia dada yao haonekani. Ndipo alipokumbuka kwamba samansi hakuna shemeji anayeweza kuizuia langoni. Mtu mwenye akili zake timamu angekaa akafikiri tena, lakini huyu alikuwa amelala peke yake mwaka mzima.

Beldina aliondoka kwa sababu ya neno moja. Binti yao Kageha alikufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili, Lazarus akiwa kibaruani kwenye majani chai ya Kericho. Alifika siku mbili baada ya mazishi, akasimama kwenye kaburi lile dogo, akamwambia mama mtoto: "Ungemwangalia vizuri angekuwa hai." Uchungu ndio uliosema, na kabla jua halijatua alikwisha kujua kwamba amemsingizia. Lakini hakumwambia. Alingoja apate wakati mzuri. Beldina naye akangoja mwezi mzima, kisha akafunga nguo zake akarudi kwa baba yake.

Kesi ilifunguliwa mwaka wa pili wa Uhuru. Korti ya Kakamega ilikuwa na bendera mpya na hakimu mpya, lakini benchi za kungojea zilikuwa zilezile. Tarehe ya kwanza Beldina aliketi mwisho wa benchi, amejifunga kitambaa cha kijani alichonunuliwa Kisumu mwaka waliooana, na miguuni ameweka kikapu kilichofunikwa. Lazarus alipokiona kile kitambaa moyo ulimruka. Ishaq akatoka na kutangaza kwamba hakimu yuko safarini, kesi zote zimeahirishwa wiki tano. Watu wakanung'unika. Mzee Phineas akalaani siku yake iliyopotea. Lazarus alirudi Shinyalu kwa miguu akiimba nyimbo za kanisani.

Tarehe ya pili kesi ilitajwa tu. Ya tatu ndiyo ilikuwa ya kusikizwa, na Lazarus akasimama kusema shahidi wake wa pili anaumwa na tumbo. Hakuwa na shahidi huyo, wala tumbo la mtu yeyote. Hakimu akamwamuru awalipe wenzake gharama za siku hiyo, akalipa. Ya nne akadai amesahau karatasi nyumbani. Akalipa tena, na safari hii baiskeli ikauzwa. Uhuru wenyewe ulikuja kwa usiku mmoja, lakini kesi ya ng'ombe watano ilikuwa inaelekea mwaka.

Msidhani siku hizo zilikuwa bure kwake. Hiyo tarehe ya nne, kabla hawajaitwa ndani, mzee Phineas alikwenda kununua tumbaku, na mume na mke wakabaki kwenye benchi moja, kikapu katikati yao.

"Baba Kageha," alisema Beldina, "jikoni kunavujanga bado?"

"Niliezeka upande mmoja."

"Upande gani?"

"Ule wa mafiga."

Beldina akatikisa kichwa kuonyesha ni vizuri. Kisha akaweka mikono mapajani, akamtazama usoni. Lazarus alikuwa na neno lenyewe mdomoni, alilisikia kabisa ulimini. Lakini benchi lilijaa watu, na mzee alikuwa anarudi, na tarehe nyingine ingekuwepo. Nitasema siku hiyo, alijiambia. Kila tarehe alijiambia hivyo.

Ishaq hakuwa mjinga. Alipokuwa akimwandikia risiti ya gharama, alishusha sauti.

"Bwana Lazarus, mimi niko dirisha hili mwaka wa tisa. Watu hunililia kesi iharakishwe. Wewe peke yako wanililia icheleweshwe. Unamtaka yule mama, sivyo?"

Lazarus akanyosha mkono apewe risiti.

"Basi iondoe kesi kabla ya hukumu. Karatasi yake ni shilingi mbili tu. Kisha nenda ukaseme ulilo nalo."

"Nikiiondoa, nitamwonea wapi?"

Ishaq alipekua karatasi zake. Swali hilo halikuwa na fomu.

Tarehe ya tano Lazarus alifika mapema na uongo mpya aliokuwa ameutengeneza njiani, wa mjomba aliyefariki. Akakuta ng'ombe watano wamefungwa kwenye mkaratusi nje ya korti. Mzee Phineas alikuwa ameapa mwaka mzima kwamba hana hata ndama, kwa kuwa ng'ombe wa Beldina aliwatoa mahari ya wanawe. Hawa walikuwa wametoka kwa mtu mwingine.

Mjomba hakupata nafasi ya kufariki. Mzee Phineas alisimama akasema hapingi tena: kuna mwalimu aliyefiwa na mke kule Malinya ameleta ng'ombe wa kumwoa Beldina, na Lazarus achukue wake. Hakimu akamuuliza Beldina kama amekubali.

"Nilikubali wiki iliyopita, mheshimiwa."

"Mheshimiwa, naomba tarehe nyingine," alisema Lazarus.

"Ya nini? Ulichodai umepewa chote."

"Mimi sitaki ng'ombe."

Korti nzima ikaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, akaandika kwamba mdai ameshinda.

Nje, Lazarus alimkimbilia Beldina mbele ya baba yake na mbele ya watu wote. Haya yote sasa hayakumzuia.

"Mama Kageha. Lile neno la pale kaburini. Nilikosa. Haikuwa wewe. Nisamehe."

Beldina alisimama. Macho yakamjaa machozi.

"Tarehe nne, Baba Kageha. Kila tarehe niliamka alfajiri nikisema, leo atasema. Nilikuwa nakujanga na nguo zangu kwa kikapu, ukisema tu, nikufuate kutoka hapa hapa. Wewe ukasimama ukaomba tarehe nyingine."

Lazarus akatazama chini, miguuni pa Beldina. Leo hakuwa na kikapu.

Beldina alipoondoka na baba yake, Lazarus alirudi dirishani. Ishaq alikuwa akigonga muhuri kwenye nakala ya hukumu.

"Karani, kukata rufaa ni siku ngapi?"

"Thelathini," alisema Ishaq polepole. "Lakini si wewe, ndugu yangu. Wewe umeshinda."

Lazarus akaipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaenda kuwafungua ng'ombe.