Mwenyekiti wa Kumbi Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, mtafiti wa udongo alisimama kwenye meza ya usajili akisoma ratiba ya kongamano. Jina lake lilikuwa limeandikwa mara saba: mwenyekiti wa kikao katika kila ukumbi, vikao vyote saa nne kamili. Chini kabisa, ukumbi wa saba, saa tano na nusu, palikuwa na mada yake kuhusu mashamba yaliyoingiwa na chumvi. Alikuwa ameihangaikia miaka sita.

Katibu wa kongamano alimweleza kwa upole. Safari hii wafadhili walitaka kila kikao kiwe na mwanamke, na kwenye orodha mwanamke alikuwa yeye tu. Wengine hawakualikwa kwa sababu hawakuwahi kualikwa.

"Utatusitiri, Dokta," alisema.

Dokta alishusha pumzi, akaweka mkoba chini, akawa saba. Haikuwa kazi kubwa. Nyumbani hufanya hivyo kila shule zinapofunguliwa. Mhudumu wa usajili alimwongezea vitambulisho sita, akilalamika tu kwamba kamba zimebaki chache. Mama yake, aliyekuja kumshikia mtoto anayenyonya, aliwatazama wote saba.

"Asiye na haraka anyonyeshe," akasema.

Kumbini, kila mmoja alikaribisha wazungumzaji, akamimina maji, akanyanyua kadi za muda. Wazungumzaji waliziona, wakaitikia kwa kichwa, wakaendelea. Katika ukumbi wa saba, maprofesa wawili walikula muda wa wenzao, kisha wa tatu akaomba kuchomekea jambo dogo. Zamu ya Dokta ilipofika, zilibaki dakika tatu kabla ya chakula cha mchana. Wale sita walikuwa wameshamaliza kwao, wamesimama ukutani kumsikiliza.

Katibu alimwinamia sikioni. "Wewe ni wa nyumbani, Dokta. Unaelewa."

Alielewa. Alisoma kichwa cha mada, kisha, kwa kuwa mwenyekiti ni yeye, akajinyanyulia kadi nyekundu ya muda kwisha, akaketi. Siku hiyo hakuna mwingine aliyeitii.

Wote saba walipangwa mstari wa mbele kwenye picha ya pamoja. Katibu aliandika kwenye taarifa: wenyeviti wanawake, saba. Akaja kushukuru, akasema mwakani kumbi zitakuwa tisa.

"Tisa naweza," alisema Dokta aliyekuwa karibu naye. "Na mada yangu?"

Katibu aliifikiria kwa nia njema kabisa.

"Hiyo tutaangalia, mama."

Wale saba wakasema sawa, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kukusanya kadi.