Sekunde Sita kwa Siku

Saa ya kwanza ambayo Fortunata aliitengeneza peke yake ilichelewa sekunde sita kwa siku. Ndivyo alivyosema Mzee Vallabhdas, akiitazama saa kubwa ya ukutani ambayo duka lake la Kariakoo liliiamini kwa miaka thelathini. Simu kwake ilikuwa ya kupigia tu; saa, alisema, hupimwa kwa saa.

“Jumamosi ikiwa bado inachelewa, utarudi kuuza mikanda ya saa. Meza ya ufundi haina huruma.”

Fortunata aliitikia kwa kichwa. Kubishana na wakubwa hakukuzoea. Lakini moyoni alikataa: alikuwa ameifungua mara nne, akaisafisha gurudumu kwa gurudumu. Haikuwa na ugonjwa.

Vidhi, mjukuu wa mzee, alikuwa likizo kutoka Ulaya, anakofanya kazi kwenye maabara wanakolinganisha saa za atomu zinazohesabu mitetemo ya mwanga. Alikaa dukani akimsubiri babu yake amalize chai.

“Dada Vidhi,” Fortunata alinong'ona, “hizo saa zenu, nani anajua kama ziko sawa?”

Vidhi akacheka. “Hakuna saa ya kuzishinda, kwa hiyo hakuna hakimu. Tunazipambanisha zenyewe kwa zenyewe. Zikiwa mbili, utajua zimepishana tu. Ipi mwongo, hujui. Weka ya tatu.”

“Basi niazime yako ya mkononi.”

“We mtoto! Na upole wote ule?” Akaivua.

Kila asubuhi hadi Jumamosi, mshale wa sekunde wa saa ya ukutani ulipofika juu, Fortunata alizisoma zile mbili, akaandika tofauti kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Yake na ya Vidhi zilikwenda pamoja. Ya ukutani ilizitangulia zote mbili, sekunde sita kila siku.

Jumamosi aliliweka boksi mbele ya mzee.

“Shikamoo, Babu. Yangu haichelewi. Yako inakimbia.”

“Marahaba. Nani kakwambia?”

“Zenyewe. Mbili zimekubaliana, na hazijuani.”

Mzee alizisoma namba zile mara tatu. “Nimefundisha mafundi saba kwa saa hii. Hakuna aliyewahi kuipima.”

“Hata mimi, na ndiyo kazi yangu,” Vidhi akachomekea.

Mzee akavua saa yake ya mkononi. “Kaa pale mezani. Ya ukutani usiiguse kwanza. Pima siku tatu nyingine, na hii uiongeze.”

Fortunata alivuta kiti cha fundi, akakaa. “Naanza sasa hivi, Babu.”