Mzee Anakata, Hanakili

Fundi wa kompyuta alifika saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni, akatoboa ukuta kwa drili. Vumbi la saruji lilimwagikia meza ya kupigia pasi. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa ofisi ya Mkaguzi, mstaafu wa ukaguzi wa shule, yenye feni, kiti cha kuzunguka na ruta ya intaneti. Upande wa pili ulikuwa stoo, na humo, kati ya makopo ya rangi na godoro la wageni, ndimo mkewe alimofanyia kazi. Yeye watu waliendelea kumwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja.

Mwalimu ndiye aliyeomba waya upitishwe ukutani. Alikuwa amemaliza kuandika kitabu cha kuwafundisha watoto kusoma, sura kumi na mbili, na alitaka intaneti ili akitume kwa mchapishaji. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akalifuta, akaliandika tena kwa herufi ndogo, kwa haya. Mumewe aliukubali waya upesi mno. Alisema na yeye atapata nafasi ya kuzipitia faili bila kuhangaika na flashi.

Fundi alibana vichwa vya waya wa buluu, akachomeka huku na huku, akauliza kama folda zifunguliwe pande zote mbili. Mkaguzi akasema upande mmoja unatosha: yeye azione za mkewe. Mkewe atapata intaneti, basi, anataka nini tena? Fundi akafanya kama alivyoambiwa, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine saa sita.

Kitabu kingeweza kutumwa siku ileile. Lakini Mwalimu hakuwahi kutuma kitu, hata barua ya pole, bila kukihifadhi kwanza, kukiacha kipoe na kukisoma tena. Mkaguzi naye alikuwa na tabia yake: hakunakili faili, alikata, kisibaki kitu ilikotoka. Miaka yote ya ukaguzi alichukia kukuta daftari mbili za mahudhurio za darasa moja, akisema nakala mbili ndio mwanzo wa wizi. Wizi! Jioni hiyo aliingia kwenye folda ya mkewe, akaikata sura ya kwanza, akaibandika kwake.

Kesho yake Mwalimu alifungua mdomo kumsalimia muuza maziwa, na sauti ikatoka imepungua kwa kiasi cha sura moja. Wakati huohuo Mkaguzi alikohoa bafuni, na kikohozi kilikuwa cha mkewe.

Ilikuwa sauti inayojulikana mji mzima, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa chaki, na ilivuta kila silabi mpaka hata mtoto wa mwisho darasani aishike. Sura ya tano ilipoondoka, majirani walimsogelea Mwalimu mdomoni ili wamsikie. Ya kumi ilipoondoka, alinong'ona. Ya kumi na mbili ikamwacha kimya. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima, ila sauti haimo, akamwandikia maji ya chumvi ya vuguvugu. Mkaguzi sasa alisema kwa sauti ya mkewe kutwa nzima, na wastaafu wenzake walimsifu kwamba kupumzika kumemlainisha.

Mwalimu alimwita fundi, akamweleza kwa kuandika kwenye karatasi. Fundi akaupima waya, akachungulia kompyuta zote mbili.

"Mtandao hauna tatizo, Mama," akasema. "Mzee anakata, hanakili. Akizirudisha faili mahali pake, na sauti itarudi. Kazi ya dakika mbili."

Mkaguzi aliitwa. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Nirudishe nini?" akauliza kwa sauti ya mkewe. "Kwani humu ndani kuna changu na chake?"

Fundi akamtazama Mama, akamtazama Mzee, akaanza kukunja nyaya zake. Akasema neno la siri la kompyuta ya ofisini analo Mzee, na yeye si mtu wa kuingilia mambo ya mume na mke. Kutoboa ukuta wao kwa drili, hiyo haikuwa kuingilia.

Kitabu kilitoka baada ya miezi mitano, jina la Mkaguzi likiwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, bila haya yoyote. Kilizinduliwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki vikajaa. Mkaguzi alisimama akasoma sura ya kwanza. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini walijifunza kusoma kwa sauti ile, wakiwa na meno ya utotoni, na sasa walifumba macho huku midomo yao ikiifuatisha. Bwana mmoja wa nyuma alimwambia jirani yake kwamba hiyo ni sauti ya Mwalimu. Jirani akajibu kwamba ndiyo, na imemkaa vizuri. Watu wazima, wenye shahada zao, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Mwishoni Mkaguzi aliwashukuru wote waliomsaidia, na kipekee akamshukuru mkewe kwa chai. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikimshukuru kwa chai, na hasira ikampanda. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Mwanamke aliyeketi kando yake alidhani anapiga miayo, akampa pole, akasema kweli shughuli imekuwa ndefu.

Jumapili iliyofuata binti yao alipiga simu kutoka mji mwingine alikoolewa. Simu ya Mwalimu siku hizo ilikaa mfukoni mwa Mkaguzi, kwa maelezo kwamba bubu na simu ni wapi na wapi. Akaipokea, akaiweka spika. Mwalimu alikuwa stoo akikunja nguo, na alisikia kila kitu kupitia tundu la waya, maana fundi hakuliziba.

"Mama," binti akasema, "mwenzangu anataka tuunganishe kompyuta zetu. Anasema atakuwa ananipitishia macho utafiti wangu. Nifanyeje?"

Mkaguzi hakumsahihisha.

"Kubali, mwanangu," akasema. "Huyo ni mume wako, si mwizi. Ukiona dosari, vumilia. Mimi mbona nimevumilia?"

Mwalimu aliupiga ukuta kwa ngumi zote mbili mpaka rangi ikabanduka.

"Nini hicho, Mama?"

"Baba yako anapigilia msumari."

"Haya, Mama. Ukishasema wewe, mimi sina wasiwasi. Fundi anakuja kesho."

Mwalimu akaketi mbele ya kompyuta, akasukuma nguo chini. Aliandika: Mwanangu, usikubali. Akaandika yote, kurasa mbili, kuhusu waya, sura kumi na mbili, ukumbi na chai, na kwamba yule aliyezungumza naye hakuwa mama yake. Vidole havikukosea njia. Alipomaliza akaihifadhi, kama alivyofanya maisha yake yote, akaenda jikoni kunywa maji ili arudi kuisoma mara moja tu, kisha aitume.

Aliporudi, folda ilikuwa tupu.

Upande wa pili wa ukuta, sauti yake iliisoma barua taratibu, ikivuta kila silabi, mpaka ikafika kwenye jina lake mwishoni. Kisha ikasema barua imeandikwa vizuri, ila kuna mkato umekosekana mstari wa tatu.