Mizabibu Iliyokwenda Kulala kwa Dada

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Aban, baridi ikikaribia, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Heshmat alikuwa juu ya ngazi uani kwake akigonga bomba la jiko ili masizi yatoke, na mkewe Golandam alikuwa chini akikata koliflawa za achari. Masizi yalitoka yote kwa pamoja, yakatua juu ya koliflawa.

"Ahsante," alisema Golandam. "Nilikuwa najiuliza nitie nini badala ya pilipili manga."

"Zioshe tu, zitafaa."

"Ungeoshwa wewe kwanza."

Ndipo mlango wa ua ulipogongwa. Heshmat, mweusi hadi kwenye nyusi, alishuka kwenda kufungua. Nje ulikuwa umesimama mzabibu. Ulikuwa mzabibu wa makamo, shina lake nene kama kifundo cha mkono, na ulikuwa na udongo mbichi mabegani. Uliinama kidogo kwa sababu kizingiti cha juu kilikuwa kifupi, ukaingia, ukaenda kusimama ukutani palipokuwa na jua. Nyuma yake kulikuwa na mwingine. Hadi adhana ya adhuhuri mizabibu iliyoingia ilifika ishirini na saba, na Golandam alikuwa ameshahamishia mitungi ya achari ndani ili isipigwe kumbo.

"Hawa ni wa marehemu baba," alisema. "Huyu wa kwanza namjua. Alinichania gauni nikiwa na miaka sita."

"Wanakula nini?" Heshmat aliuliza.

"Msimu huu hawali. Wanalala."

Hilo lilikuwa kweli. Katika vilima vile baridi haina adabu, na kila mwezi wa Aban watu hulaza mizabibu yao kwenye mitaro na kuifunika udongo, ilale hadi mwezi wa Farvardin, majira ya kuchipua yanapoanza. Mzabibu ulioachwa wima hupigwa na jalidi ukafa hadi mzizini. Siku moja kabla, Safdar, kaka yake Golandam, alikuwa amefunika mizabibu themanini na mmoja akisaidiwa na vibarua watatu, kisha akaenda kulala na mgongo unaouma na dhamiri isiyouma.

Mizabibu hiyo ilikuwa ya baba yao, Mzee Yadollah, aliyefariki kiangazi. Mama yao alikuwa ametangulia, na watoto walikuwa hao wawili tu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu wa dini, hata kama alikaa akichora ndevu kwenye picha za kitabu, anajua kwamba mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Lakini kijiji kile kilikuwa na utaratibu wake. Siku ya arobaini ya msiba, mbele ya wageni, kaka humkabidhi dada mnara wa sukari, bonge gumu lililochongoka, uliofungwa kwa karatasi ya buluu. Dada akiurudisha mzima, maana yake anataka fungu lake, na kaka hatamsemesha tena. Akiuvunja, amesamehe.

Golandam aliujua utaratibu huo vizuri. Alikuwa ameupokea mnara na kuuweka kando, na alikuwa amepanga kuurudisha mzima. Lakini siku hiyo walikuja wageni tisini, birika lilikuwa linachemka, bakuli la sukari likaisha, na mtu akapaza sauti kutoka barazani, "Golandam, sukari!" Yeye ndiye aliyekuwa akivunja sukari ya nyumba ile tangu ana miaka saba. Mkono ulichukua kishoka na kufanya kazi yake kabla kichwa hakijafika. Alipotazama, mnara ulikuwa vipande vidogo vya kutosha wageni tisini, na Safdar alikuwa akitabasamu mlangoni.

Safdar alifika alasiri akiwa na mkokoteni na kamba.

"Dada, umeniibia mizabibu."

"Mimi? Nimekaa hapa na koliflawa. Wamekuja wenyewe."

"Mizabibu haiji yenyewe."

"Basi waambie hao. Mimi nimejaribu, hawasikii."

Safdar aliitazama mizabibu, nayo ikaendelea kuota jua. Aliifunga kamba mitano mitano kama kuni, akaipeleka kwake kwa safari sita, akaifunika upya, safari hii akaweka na mawe juu. Alfajiri ya Jumapili yote ilikuwa imerudi kwa Golandam. Mingine ilikuja na mawe yake. Heshmat aliyatumia kuzibia tundu la banda la kuku.

Jumatatu alikuja Tuba, mke wa Safdar, na alianza kusema akiwa bado njiani.

"Wifi! Wageni wako wamepita juu ya vitunguu vyangu!"

"Pole, wifi. Wamekuja kutoka kwenu, nilidhani umewaaga."

"Usinichekeshe, nina hasira. Tuta zima!"

"Karibu chai."

"Sitaki chai." Tuba alikaa. "Usiweke sukari nyingi."

Wakanywa. Tuba aliangalia mizabibu kwa muda, akaondoa kidogo udongo uliokuwa umegandia mmoja wao, kama mtu anavyomtoa mtoto wa jirani tongotongo.

"Ishirini na saba," alisema. "Kaka yako anasema ni sadfa tu, idadi hiyo."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi ninasema vitunguu vyangu vimekanyagwa."

Tatizo lilikuwa ardhi. Nyumba ya Heshmat imejengwa juu ya mwamba. Ukichimba uani kwake kina cha kiganja, sepetu inalia. Hapakuwa na mahali pa kuilaza mizabibu, na redio ilikuwa imeshasema kwamba jalidi ya kwanza ingeshuka usiku wa kuamkia Alhamisi.

Kwa hiyo Jumatano, Karbalai Borzu, mwenyekiti wa baraza la kijiji, aliitisha kikao uani kwa Golandam, kwa kuwa mizabibu ilikuwa sehemu ya shauri na ilikuwa vigumu kuihamisha. Karbalai Borzu alikuwa mtu wa taratibu. Alihesabu mizabibu, akaihesabu tena, akauliza kama ina la kusema, akasubiri muda wa kutosha, kisha akaandika daftarini kwamba haikuwa na pingamizi.

"Golandam binti Yadollah," alisema, "mnara uliuvunja, hukuuvunja?"

"Niliuvunja watu wanywe chai. Nani mwingine angeuvunja? Karbalai, wewe mwenyewe ulichukua vipande vinne."

"Vitatu."

"Vinne. Kimoja uliweka mfukoni."

Watu walikohoa. Karbalai Borzu alipanga upya miwani yake.

"Vipande havimo katika shauri. Uliuvunja?"

"Niliuvunja."

"Basi umesamehe."

Mzabibu wa karibu ulinyoosha kikonyo na kukiweka juu ya bega la Golandam. Hilo nalo liliandikwa, pamoja na saa.

Safdar alisimama na kutoa karatasi mfukoni, na kidau cha wino.

"Mimi si mtu mbaya," alisema, na alilisema kwa moyo. "Dada, weka dole gumba hapa, useme mbele ya watu kwamba umesamehe kwa hiari yako. Hawa wanangoja neno lako tu, kila mtu anaona. Ukiwaambia walale, watalala. Nitawafunika leo leo, kwa mikono yangu. Usipotia kidole, kesho asubuhi utakuwa na kuni ishirini na saba. Kuni za baba."

Heshmat alitazama bomba lake la jiko, lililokuwa safi kuliko wakati wowote tangu linunuliwe. Golandam alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua karatasi, akaisoma mbele na nyuma, ingawa nyuma hapakuwa na kitu.

"Sitii kidole," alisema, akaikunja na kumrudishia. "Heshmat, toa zulia la chumba kikubwa."

Mizabibu iliingia ndani jioni hiyo, mmoja mmoja, ikajipanga. Kumi na miwili ilikaa kuzunguka korsi, ile meza fupi ambayo chini yake huwekwa makaa na juu hutandikwa mfarishi, ikaingiza mizizi chini ya mfarishi kama wenyeji. Iliyobaki ilijilaza kando ya kuta. Usiku jalidi ilishuka, na asubuhi birika lililosahaulika uani lilikuwa limepasuka. Mizabibu ilikuwa hai.

Lakini mzabibu ukipata joto hudhani ni majira ya kuchipua, ukatoa majani, na ukitoa majani katikati ya baridi umekwisha. Chumba kilitakiwa kisiwe cha kuua wala cha kuamsha. Jiko, pamoja na usafi wake wote, halikuwashwa majira yale. Makaa ya korsi yaliwekwa kiasi cha ngumi moja. Golandam alibandika karatasi kwenye nyufa za madirisha kama kila mwaka, kisha, akihisi chumba kimezidi joto, alibandua mbili. Heshmat alilala na koti, soksi jozi tatu na kofia ya marehemu mkwewe.

"Lau ningejua," alisema usiku mmoja kutoka ndani ya kofia, "ningeoa mtu aliyerithi mbuzi."

"Mbuzi wananuka."

"Wana joto."

"Heshmat, ukichoka sema. Nitakwenda kwa Safdar kesho, nitie kidole, yaishe."

Heshmat alifikiri. Mzabibu uliokuwa upande wake uligeuka usingizini.

"Sijasema nimechoka," alisema. "Nimesema mbuzi."

Mwezi wa Bahman, katikati ya baridi, Golandam aliumwa kifua wiki tatu. Hakuwasha jiko. Tuba alileta supu kila siku mbili, akaacha sufuria mlangoni bila kubisha, kwa kuwa mumewe alikuwa amemkataza kwenda na hakuwa amemkataza supu.

Siku ya kumi na nne ya Farvardin mizabibu iliamka. Golandam aliifungulia mlango. Uani ilisimama kidogo, ikagusa mwamba kwa mizizi, kisha ikatoka barabarani na kuteremka kuelekea shambani, kwenye udongo na zamu ya maji ya mfereji. Safdar alikuwa ameacha lango wazi. Alihesabu, akakuta imetimia, akafunga lango. Kiangazi hicho mizabibu ishirini na saba ilizaa kuliko ile hamsini na minne iliyolala ardhini. Safdar alianika zabibu, akauza zabibu, na kwa Golandam akapeleka salamu.

Mwezi wa Aban ulipofika tena, Safdar aliajiri vibarua wawili badala ya watatu. Aliifunika mizabibu hamsini na minne, na kwa iliyobaki akaacha lango wazi. Ilipofika kwa Golandam, Safdar mwenyewe alikuwa nyuma yake na karatasi yake.

"Tia kidole, dada. Mwaka wa pili huu."

"Nina siki mikononi. Itachafua wino."

"Nitakuja mwakani, basi."

"Njoo. Na ufunge mlango ukitoka, wengine wameshalala."

Ni jioni hiyohiyo mizabibu mingine ilipoonekana njiani. Ilitoka shamba la mwashi, shamba la mwenye duka la mkate, na shamba la ndugu watatu wa mtaa wa kisimani ambao walikuwa na dada wanne. Ilikwenda upande wowote ambako dada wa shamba alikuwa ameolewa. Wanaume walisimama malangoni na sepetu zao, wakaitazama ikipita, wakasalimiana. Kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, baraza lilikutana na kuamua kwamba mizabibu inayoteremka ishike mkono wa kulia, na yote iwe imepita kabla watoto hawajatoka shule. Karbalai Borzu alikuwa bado ameshika kalamu wakati mizabibu yake kumi na mmoja ilipompita ikielekea ng'ambo ya kijito, kwa dada yake. Alijibanza ukutani kuipisha, akamalizia sentensi.

Siku mbili baadaye, saa moja asubuhi, mlango wa Safdar uligongwa. Nje kulikuwa na mizabibu tisa yenye vumbi hadi vikonyoni. Ilikuwa imetembea kutoka kijiji cha kina Tuba, nyuma ya mlima wa pili.

Safdar alifuatwa na hasira siku nzima. Alimweleza kila aliyekutana naye kwamba shemeji zake ni wezi, kwamba tisa ni fungu halali kabisa la mke wake, na kwamba mtu anayekula haki ya dada yake hatauona uso wa Mungu. Watu walimsikiliza kwa heshima. Tuba naye alimsikiliza, akiwa amesimama mlangoni na ufagio. Kisha alivaa shela lake, akapandisha mtaa.

"Wifi," alisema alipofungua mlango wa Golandam. "Chumba kiwe na baridi kiasi gani?"

"Hadi uione pumzi yako."

"Na mume?"

"Atazoea. Wangu amezoea."

Tuba alirudi nyumbani, akalimwagia maji jiko la Safdar, moto ukazimika. Mwezi wa Farvardin mizabibu yote iliamka na kurudi ilikotoka, ikishika mkono wa kulia, mingine ikivuka mlima. Wanaume waliifungulia malango na kuihesabu. Haikupotea hata mmoja, na zabibu za kiangazi ziliuzwa na walewale wanaoziuza siku zote.