Pete ya Nyuma ya Peugeot

François alikuwa amelala chali juu ya boksi lililochanwa, chini ya Peugeot ya zamani ya Bwana Lourens, akifunga pete ya kuvutia. Wenye mashindano ya magari ya kale hawaruhusu gari liingie uwanjani kama halina pa kufungia kamba likikwama. Pete ya mbele ilikwisha kukaa. Hii ya nyuma aliipeleka kwenye chesisi yenyewe, maana bati limeoza, na bati bovu ukilivuta linakuachia kipande mkononi.

Alipokaza nati ya mwisho akamwona mdogo wake Joël amelala pembeni yake, na sare ya ulinzi, kifua kimebonyea.

"Yaya, sogeza taa," Joël alisema, kama alivyozoea kumwita kaka yake. "Inanipiga macho."

François akaisogeza. Joël alikuwa mlinzi wa Bwana Lourens, na Bwana Lourens ndiye aliyewaambia kwamba Joël ameacha funguo mezani akaenda zake. Tangu hapo Marthe, mke wa Joël, si mke si mjane. Mtu aliyetoroka hawekewi matanga.

Joël alieleza bila haraka. Alikuwa analisafisha gari hili kwa chini, jeki ikateleza, likamwangukia. Bwana Lourens alikuja na kamba na gari lingine, akazunguka, hakuona pa kufunga. Bampa ilikuwepo, ila ilikuwa imetoka kung'arishwa, akaogopa itapinda. Akaketi kungoja. Baadaye akamfukia, akamwaga saruji juu.

Bakiri wa Tanga, fundi mwenzake François hapo gereji ya Rosettenville, akaleta shuka akamfunika miguu. Marthe akaitwa kutoka kona anakosukia watu nywele. Akachuchumaa na kitana mkononi.

"Kanisani wanasema uko na bibi mwingine Cape Town."

"Cape Town sijafika."

"Na mimi niliwaambia hivyo."

Wakafunga kamba kwenye pete mpya, wakavuta. Gari likasogea, na Joël akasogea nalo, chini yake vilevile. Wakalivuta mpaka getini. Vilevile. Polisi waliokuwa wakipita wakainama, wakamwomba karatasi ya ukimbizi. Ilikuwa imekwisha muda. Wakasema eish, wakaenda.

Bwana Lourens alipofika akainama naye, akamsalimu Joël kwa jina. Akaitikisa pete, akauliza kama itahimili. François akasema itahimili. Marthe akamwomba jambo moja tu: aje kanisani aseme huyu alikufa. Bwana alifikiri kwa adabu, akajibu kwamba alikwisha kusema ameondoka, na mtu mzima habadilishi maneno. Akawasha gari.

Siku ya mashindano Peugeot ilizama kwenye mchanga wa kona. Walifunga kamba nyuma wakaitoa mara moja, bampa haikuguswa, watu wakapiga makofi. Joël alipita chini yake, macho wazi, akimtafuta mkewe. Marthe alikuwa amesimama uzioni na gauni la kijani. Jeusi analo, limekunjwa kabatini, lakini mke wa mtoro havai nyeusi.