Yai Lililooga

Bata hutaga penye tope, na yai lake huliokoti bila kuchafua vidole. Lakini lile nililolikuta bandani asubuhi ile lilikuwa jeupe kama sahani ya mgeni. Nikalinusa. Lilinuka sabuni.

Nilipaswa kufurahi, maana kazi ya mzee wangu ilikuwa imekalia yai hilo. Yeye ni fundi saa, ana meza yake kibarazani mwa duka la viatu. Mwanetu, dereva wa lori, alishikilia kwamba macho ya baba yamekwisha na meza ifungwe kabla hajaharibu saa ya mtu tukachekwa. Mzee akakataa katakata. Akaenda sokoni peke yake, akarudi na kapu lenye bata wawili, akauliza ni kipofu gani angeweza kuchagua dume na jike katika banda zima la bata. Mwanetu akacheka. Akasema haya, jike akitaga meza inabaki, asipotaga atakuja na lori kuibeba. Akaenda safari zake, akatuachia mkewe, tunayeishi naye.

Bata nikawatunza mimi. Asubuhi pumba zilizolowekwa, jioni mchicha uliokatwakatwa, na beseni lenye kina cha kutosha bata azamishe kichwa chote, kwa sababu bata asiyeosha pua huvimba macho. Maranda ya kulalia nilichukua kwa seremala, nikayabadilisha kila yakilowa. Nikiwa nao nawategea kitendawili chao wenyewe: anaoga kutwa, mgongo haulowi. Nao hunijibu kwa sauti ya kukwaruza, wote wawili, kama wazee wenye mafua.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Bata jike ana domo, akiona maji tu mtaa mzima una habari. Anayenong'ona ni dume. Hawa wangu wote walinong'ona. Nikaenda kuwatazama mikia, kwa kuwa dume ana manyoya mawili matatu yaliyojikunja juu kama ndoana. Mmoja alikuwa nayo. Kwa yule tuliyeambiwa ni jike, mahali pale pale palikuwa pekundu. Pamenyofolewa.

Sasa nani ananyofoa mkia wa bata, na nani anataga mayai yenye harufu ya sabuni?

Nikaanza kuwatazama watu wa nyumbani kwangu kwa jicho la pembeni. Mzee na mkwe walikuwa na minong'ono yao jikoni. Nikiingia, wanazungumzia mvua. Mvua ya wapi, na jua linapasua vichwa? Mkwe akimpelekea baba chakula cha mchana, anarudi vivuli vimeshalala, na vidole vyake vinanuka petroli. Nilipomuuliza akasema alikuwa anatoa doa kwenye nguo. Nguo yenyewe sikuiona. Nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja nikachukua chumvi, nikajifanya wameisahau, nikamfuata. Nikajibanza nyuma ya viatu vilivyoning'inia. Kwenye kiti cha fundi alikaa mkwe wangu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi, kikopo cha petroli ya kusafishia saa mbele yake. Mzee alikuwa amesimama kando, amefumba macho, saa ya mteja sikioni.

"Inakohoa," alisema. "Ifungue, utakuta uchafu kwenye gurudumu dogo."

Mkwe akaipokea, akaifungua, akaichungulia. "Nimeuona, baba."

Nikarudi nyumbani na chumvi yangu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siku hiyo kata nilikuwa mimi. Niliona uchungu kufichwa, siwezi kukataa. Lakini niliogopa zaidi lile yai. Mkwe wangu hakukulia na bata, na kila kitu hukiosha, hata yai la kununua. Mwanangu nimemlea kati ya bata. Angelishika tu, angejua.

Kwa hiyo siku aliyokuwa anakuja nilinunua langu kwa mama muuza mayai, nikalipaka tope. Kiotani hamkuwa na kitu, nikadhani mkwe kapitiwa na usingizi. Nikalifukia langu kwenye maranda kama bata mwenyewe afanyavyo.

Mwanetu alipofika hakuomba hata maji. Alikwenda bandani moja kwa moja, sisi watatu nyuma yake. Akaingiza mkono, akatoa yai jeupe. Akapapasa tena, akatoa lenye tope.

"Mama," akasema, "huyu ni bata au kiwanda?"

Akamnyanyua yule "jike", akampuliza mkiani. Ndoana ndogo ilikuwa imeanza kuota upya. Akamshusha polepole.

"La kuoshwa ni langu," mkwe akasema.

"La tope ni langu," nikasema mimi.

Mzee akageuka kuelekea sauti yangu. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu chumvi."

Hakuelewa. Alimwambia mwanawe kwamba sokoni kulikuwa na kelele, na alipofungua kapu nyumbani aliwasikia, akajua kachagua madume wawili. "Sioni, mwanangu. Basi."

Mwanetu akauliza saa za watu zinatengenezwa na nani. Mkewe akamnyooshea vidole, anuse. Akamwambia hata hiyo aliyoivaa aliifungua yeye, safari iliyopita, alipoiacha kwa baba. Mume akaitazama saa yake, akaipeleka sikioni, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akatoka, tukasikia lori likinguruma kuelekea duka la viatu.

Mkwe akaketi kwenye maranda na nguo yake safi. Mimi nikaendelea kumimina maji kwenye beseni ambalo lilikuwa limeshajaa. Tulijua amekwenda kubeba nini. Mzee alikuwa akijipangusa vidole kwa ncha ya shati, kimoja kimoja, kama amemaliza kazi ya siku.

Lori liliporudi, kelele zilitangulia. Nikachungulia nyuma, meza haikuwemo. Kulikuwa na kigoda kipya, na kapu linarukaruka, kilichomo ndani kinatukana mtaa mzima.

Mzee akainua kichwa.

"Huyo," akasema, "ndiye jike."