Ndoo ya Sungusungu

Violeth alijua Sungusungu anaumwa kwa sababu ya ukoko. Kila akimaliza kuwapakulia wachimbaji pale karashani Nyarugusu, kwenye mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, hukwangua sufuria, na kabla hajaita, mbwa yule huwa ameshakaa miguuni pake. Leo ukoko ulipoa bila yeye kutokea.

Alimkuta amejikunja nyuma ya mashine, manyoya yaking'aa kwa weusi. Hata ulimi ulikuwa mweusi.

"Baba Nelly, umempaka nini?"

Mzee Maganga, huyo Baba Nelly, mlinzi wa karasha na mwenye mbwa, alitazama pembeni. "Oili chafu ya mashine. Upele ulikuwa unammaliza, ng'wanone, mwanangu. Hata marehemu baba alikuwa akiwapaka mbwa wake."

"Wakapona?"

"Upele uliisha."

"Na mbwa?"

Maganga akaenda kutafuta chumvi.

Donatus, bwana mifugo aliyepigiwa simu na Violeth, alifika na pikipiki. Maganga alikuwa ameshashika kikombe cha maji ya chumvi.

"Usimtapishe, mzee. Oili ikipanda juu itaingia mapafuni. Leteni maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo."

Walimfunga mdomo kwa kipande cha kanga ya Violeth, wakamwosha na kurudia mpaka povu likawa jeupe. Donatus akamtundikia dripu kwenye nguzo ya kibanda. Sindano ya upele, alisema, itasubiri apate nguvu.

"Vidonda asivilambe. Na lazima ale, hata kidogo. Asipokula mpaka kesho, sikufichi, tutampoteza."

Violeth akachukua ndoo kuukuu, akaikata kitako kwa kisu cha moto, akazungushia kitambaa ukingoni, akamvisha shingoni. Wachimbaji walipotoka shimoni wakaangua kicheko.

"Mzee, mlinzi wako kawa mnara wa simu!"

"Mwache, anatafuta mtandao."

Maganga aliona aibu kuliko mbwa. Violeth alipogeuka tu, akaivua ndoo. Violeth akairudisha. Mzee akaivua tena.

"Mlinzi havai ndoo kichwani, Violeth."

"Basi keti hapo umzuie kulamba kwa mikono yako."

Jua lilipoanza kuinama, Sungusungu alikuwa bado hajagusa kitu. Violeth alimsogezea ugali uliolowekwa mchuzi wa sangara, mbwa akageuza shingo. Alikuwa akimtazama Maganga.

"Anakusubiri wewe," alisema Violeth.

"Mbwa halishwi mkononi kama bibi harusi." Maneno hayo aliyasema miaka yote.

Violeth aliweka bakuli karibu na goti la mzee, akaenda kuosha vyombo, jicho moja huko huko.

Wachimbaji walikuwa bado wamekaa. Maganga aliwatazama, akamtazama mbwa. Kisha akaichukua ndoo mwenyewe, akamvisha taratibu, akafinyanga tonge dogo na kuingiza mkono mle ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Kula, baba," alinong'ona. "Mimi ndiye niliyekupaka."

Kwenye ndoo ikasikika sauti ya kulamba vidole.

"Mzee," aliita mmoja, "na sisi tulishe."

"Vaeni ndoo kwanza," alijibu Maganga, akifinyanga tonge lingine.